Maji ya Mwisho ya Ulezi

Nyumbani kwa Bibi Kristiana, pale Chipalila, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka misheni ya Kaengesa, kulikuwa na amri moja isiyo na maelezo. Ulezi aoshe yeyote, lakini maji ya mwisho lazima ayamwage Bibi mwenyewe. Avelina aliolewa humo na Adolfu, mtoto pekee wa Bibi, na kwa miaka thelathini na minane aliitii amri hiyo bila kuuliza, ingawa moyoni aliihesabu kuwa ni kiburi cha mama mkwe tu. Adolfu akafa, mvi zikamwota Avelina mwenyewe, na bado alikuwa akifika kwenye maji ya mwisho anaitwa pembeni kama bibi harusi wa jana.

Asiyeujua ulezi aelezwe kidogo. Ulezi hupurwa chini, kwenye kiwanja kilichosiribwa kwa udongo wa kichuguu, kwa hiyo huondoka na mchanga wake. Usipouosha, utakula ugali huku meno yakilia. Unautia kwenye nusu ya kibuyu kipana, unamimina maji, unazungusha taratibu, na nguvu itoke kwenye kiwiko, si kwenye kiganja. Ulezi, kwa kuwa ni mwepesi, unamwagika pole pole kuingia kwenye ungo, na mchanga kwa uzito wake unabaki nyuma. Ukiwa fundi, mwisho kabisa chini ya kibuyu panabaki mchanga mweusi wa kujaza kijiko, na maji kidogo juu yake. Hayo ndiyo maji ya mwisho. Bibi aliyapokea, akayamwaga mahali palepale siku zote, kando ya kizingiti cha jiko.

Mwaka huu, mwezi wa saba, upepo wa Ufipa ukiwa umeshaanza kung'ata masikio, nyonga ya Bibi ilikataa kazi. Akawa anatolewa asubuhi, anaketishwa ukutani penye jua, na macho yake yenye ukungu hayaoni mbali kuliko mkono. Usingizi ulikuwa unampitia hapohapo alipoketi. Ndiyo maana siku ile Avelina alipofika kwenye maji ya mwisho hakukuwa na mtu wa kumwita pembeni. Alitaka kuyamwaga amalize kazi. Aliinamisha kibuyu, jua likaingia ndani, na mkono wake ukasimama wenyewe.

Ndani ya mchanga mweusi kulikuwa na mstari wa manjano, mwembamba, mrefu kama ukucha wa kidole gumba. Akatikisa kibuyu. Mchanga ukaenda na maji, ukarudi na maji, lakini ule mstari haukwenda popote. Ulikaa palepale chini ukiwaka, wala haukuwaka kwa kumeremeta kama bati au chupa, bali kwa utulivu, kama kitu ambacho hakina haja ya kuonekana. Avelina alitazama mpaka shingo ikamuuma. Alikuwa mtu wa kusali, na kitu cha kwanza kilichomjia mdomoni kilikuwa ishara ya msalaba. Akaifanya kwa mkono uliolowa, maji yakamtiririka kifuani, naye hakuyasikia.

Kisha akawaza jambo moja tu, akawaza jina. Vitus.

Vitus alikuwa mwanawe wa pekee. Miaka saba nyuma, akiwa na miaka thelathini, alisimama kwenye kizingiti hichohicho na begi begani, akasema, "Mama, naenda Chunya kwenye dhahabu. Hapa udongo wetu ni wa kulima tu." Miezi miwili ya mwanzo alipiga simu. Baadaye namba yake ikawa haipatikani, na haikupatikana tena. Avelina alituma salamu kwa kila aliyesafiri kwenda upande ule. Wengine walisema wamemwona, wengine walisema amehama mgodi, mmoja alisema ni mzima lakini hataki kuzungumzia kwao. Hilo la mwisho ndilo lililomkata maini. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Avelina alikuwa ameujua kila jioni kwa miaka saba, sahani ya tatu ikiwa imefunikwa mezani mpaka ugali wake unakauka.

Akabeba kibuyu mpaka ukutani, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, hebu amka. Hiki ni nini?"

Bibi Kristiana hakukitazama. Hakuwa na haja. Aliingiza kidole ndani ya maji, akagusa chini, akakitoa.

"Kumbe leo umeyaona," akasema.

"Nimeyaona nini?"

"Alichoniambia babu yake Vitus nisimwoneshe mtu."

Ikabidi Bibi aseme, na alisema kwa sauti ya mtu anayetua mzigo huku bado hana uhakika kama amefika. Mumewe, mzee Fabiani, kabla hajamuoa, akiwa kijana ambaye ndevu hazijakaa sawa, alikwenda kwa miguu mpaka Lupa, hukohuko Chunya. Enzi hizo wazungu walikuwa wameona dhahabu kule, na nchi nzima ilikuwa ikielekea huko. Walipita wazungu wenye hema na mbwa, walipita wapagazi, walipita vijana wa Kifipa kwa makundi wakiwa na unga wa ulezi mgongoni. Fabiani alifikia kwa mtu mmoja mwenye shamba zuri kando ya mto. Asubuhi moja mzungu akaja na vigingi vinne, akavichomeka kwenye kona za shamba, akaandika namba kwenye kimoja, akaondoka. Jua lilipotua yule mwenye shamba alikuwa kibarua katika shamba lake, anachimbua mizizi ya ulezi wake mwenyewe kwa ujira wa juma. Fabiani alichimba naye bega kwa bega. Alikaa miaka mitatu, akarudi na blanketi moja na kikohozi.

"Akanioa," Bibi akaendelea. "Mwaka uleule naosha ulezi, akapita, akatazama ndani ya kibuyu, akaketi chini kwenye vumbi. Mwanamume mzima. Udongo wa kile kichuguu chetu, ule tunaosiribia kiwanja, una kitu kilekile cha Lupa. Mchwa wanakitoa chini huko, mbali. Akaniambia, Kristiana, maji haya umwage wewe, pale mlangoni, na usimwambie mtu, mpaka wazungu waondoke."

Avelina alimtazama yule bibi kizee. "Wazungu waliondoka lini, mama?"

"Najua waliondoka."

"Mimi sijazaliwa walikuwa wameshaondoka!"

"Nilikuwa nangoja aniruhusu," Bibi akasema. "Akafa hajaniruhusu. Ahadi ya mtu aliyekufa utamrudishia nani?"

Hapo Avelina alikasirika, na tusimlaumu. Alisimama.  "Mwanangu ameondoka hapa kwenda kutafuta kitu ambacho nyie mlikuwa mnakikanyaga. Mmekificha ili watoto wasigeuzwe vibarua, na mtoto amekwenda kuwa kibarua. Miaka saba, mama! Miaka saba unaniona nafunika sahani!"

Macho ya Bibi yalijaa maji. Machozi ya wazee hayana haraka, hukaa ndani ya mikunjo kabla hayajashuka. "Wazee wetu wa hapa walifua chuma," akasema mwishoni. "Matanuru yao bado yamesimama kule mgongoni kwa kilima. Unadhani dhahabu hawakuiona? Waliiona wakaipita. Dhahabu hailimi, Mama Vitus. Ukiitangaza, watakuja watu kama siafu, na shamba hili hutaliona tena."

"Wakija watu kama siafu," Avelina akasema, "na mwanangu si atakuwa mmoja wao?"

Basi hilo likawa ndilo shauri lake lote, na hakulala nalo. Kesho yake alifunga ule mchanga kwenye kona ya khanga, akapanda bodaboda mpaka Sumbawanga mjini, akaingia kwa sonara aitwaye Stanley, ambaye duka lake halizidi upana wa mlango. Stanley aliumimina juu ya kigae, akautenga mchanga kwa sumaku, akawasha moto wa gesi na kuupuliza. Avelina aliinama akatazama. Zile chembe zilijikusanya, zikakimbiliana, zikawa tone moja lililo hai, linatetemeka, rangi yake ikiwa ni ya jua la saa kumi na mbili asubuhi kule uwandani. Moto ulipotolewa tone likatulia likawa punje ngumu. Rangi haikupungua hata kidogo. Avelina alikuwa ameona moto ukila kila kitu maishani mwake, nyasi, magogo, nyumba ya jirani, na hiki moto ulikuwa umekiosha tu. Alijikuta ameziba mdomo kwa mkono.

"Ni yenyewe," Stanley akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama, nisikuulize umeitoa wapi. Watu hawasemi, na ni haki yao."

"Uniulize."

"Eti?"

"Niulize nimeitoa wapi. Nimeitoa Chipalila, nyuma ya Kaengesa, kwenye shamba la marehemu Adolfu mwana wa Fabiani. Ipo kwenye kichuguu na ipo kwenye kiwanja cha kupuria. Mwambie kila anayeingia humu. Wapigie wenzako wa Chunya, wapigie wa Mpanda, wapigie wa Geita kama unao. Jina la kijiji usilikosee."

Stanley aliweka kibanio chini. "Mama yangu, mimi nimezaliwa kwenye kazi hii. Mtu akipata, anaficha hata mke asijue. Wewe unatangaza?"

"Nina mtu namwita," Avelina akasema. "Simu yake haipatikani."

Siku ya tatu walikuja wanane na pikipiki. Siku ya tano hawakuhesabika. Avelina alitoka alfajiri kufungua kuku, ukungu ukiwa umelala juu ya uwanda, na akasikia kabla hajaona. Ulikuwa mvumo, wa chini, wa sururu na sauti za watu, unatoka pande zote. Ukungu ukaanza kuinuka. Kwanza ikatokea miguu, mamia ya miguu, kisha viuno, kisha vichwa, mpaka mteremko wote wa kilima ambao maisha yake yote ulikuwa wa nyasi na upepo ukawa watu watupu. Walikuwa wameijaza nchi mpaka kwenye matanuru ya wazee. Walikuwapo vijana wa mjini, wazee wenye koleo, wanawake na masufuria yao, waliotoka Kasanga wakinuka dagaa, wengine wakisema lugha ambazo hakuwahi kuzisikia. Hayo yote yalitokana na mchanga wa kujaza kijiko. Akashika mlango wa banda. Aliogopa, ndiyo, lakini zaidi ya hofu alijisikia mdogo, mdogo kabisa, kama mtu aliyeita jina la mtu mmoja na dunia nzima ikaitika.

Mkimbilio ule wa dhahabu wao wenyewe waliuita rashi. Kichuguu kilikwisha siku mbili, kiwanja cha kupuria siku moja. Kisha wakaingia shambani, wakachimba mashimo waliyoyaita maduara, wakishuka kwa kamba. Serikali ya kijiji ikaja, ofisi ya madini ikaja na utaratibu wake, Avelina akatia sahihi panapostahili mwenye shamba kutia sahihi. Yale matuta yake ya mviringo, intumba, yaliyofukiwa nyasi ili zioze ziwe mbolea, aliyaona yakipinduliwa moja baada ya jingine. Alikuwa ameyainua kwa jembe lake mwenyewe. Iliuma, asikwambie mtu.

Yeye sharti lake lilikuwa moja. Yeyote anayechimba hapo apite kwanza mlangoni kwake, apewe kikombe cha togwa ya ulezi, na ajibu swali. Swali lenyewe halikubadilika: "Jina lako nani, na mama yako ni nani?"

Wengi walicheka. Wakamwita Mama Majina. Lakini hapo kwenye kuulizwa habari ya mama, vijana wenye makovu walikuwa wanaacha kucheka, wanashika kikombe kwa mikono miwili. "Naitwa Vicent, mama yangu Debora, yuko Izia." "Mimi Clemens. Mama yangu alishafariki." Mmoja mkubwa wa mwili, Mboje, alilitaja jina la mama yake kisha akaenda kusimama nyuma ya jiko, na siku ileile akaomba simu ya mtu ampigie. Avelina aliwasikiliza wote na kila jina lilipotajwa moyo wake ulisimama kidogo, ukaendelea.

Mwezi wa nane ukapita, na wa tisa. Magunia ya ulezi ghalani yakawa mawili, yakawa moja, ikawa debe. Shamba lilikuwa mashimo, ulezi mwingine usingepandwa mwaka huo wala pengine mwaka wa pili. Bibi Kristiana hakusema nilikuambia. Aliketi tu kando ya kizingiti cha jiko, juu ya lile vumbi alilolimwagia maji kwa miaka sabini, na mchimbaji yeyote aliyepasogelea alikutana na fimbo.

"Debe likiisha, utawapa nini?" akauliza siku moja.

"Likiisha nitawauliza bila togwa," Avelina akajibu. Lakini alijua, na mama mkwe wake alijua, kwamba watu walikuwa wamekuja kutoka pande zote nne za nchi, na aliyekuwa wa kusikia alishasikia. Usiku ule alikuwa ameanza kufikiri jambo ambalo kwa miaka saba alilikataa: kwamba labda mtu wake hayupo duniani wa kusikia.

Asubuhi yake alikuwa anaosha ulezi wa mwisho. Foleni ilikuwa ndefu. Mtu akachuchumaa mbele yake, akaona magoti tu, suruali iliyokauka tope jeupe. Alikuwa amechoka. Hakuinua kichwa.

"Jina lako nani, na mama yako ni nani?"

Yule mtu akasogea karibu. Mikono ikaja, myembamba, inatetemeka ule mtetemo wa watu walioshika zebaki muda mrefu, ikakichukua kibuyu kutoka mikononi mwake. Kikaanza kuzunguka. Na kilipozunguka mtetemo ukaisha. Nguvu ilitoka kwenye kiwiko, si kwenye kiganja. Ulezi ukamiminika kwenye ungo bila kupotea hata punje.

Avelina alikiangalia kiwiko kile. Aliogopa kuinua macho.

"Shikamoo mama," yule mtu akasema. "Naitwa Vitus. Mama yangu ni Avelina wa Chipalila."

Sitaeleza walivyoshikana. Foleni yote ilivua kofia, na Mboje akalia waziwazi. Kilio kilipotulia, Avelina alimshika mwanawe uso kwa viganja vyote viwili. Ulikuwa umekonda, lakini ulikuwa ni ule ule, na alishangaa kwamba ngozi ya mtu inaweza kuwa na joto kiasi kile.

"Ulisikia," akasema. "Nilijua utasikia. Si unaona, mwanangu? Ilikuwa hapa. Ulikwenda mbali kote kule, na ilikuwa hapa mlangoni."

Vitus aligeuka akatazama shamba, mashimo, kamba, mahali palipokuwa na kichuguu. 

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ya kwanza Chunya walinipa karai nioshe mchanga. Nilipofika kwenye maji ya mwisho nikaiona, nikakumbuka. Nilipokuwa mdogo Bibi alikuwa ananiachia nimwage mimi, pale mlangoni. Nilikuwa nacheza nayo, mama. Basi nikajua kuna nini chini ya shamba letu. Ile miezi miwili niliyopiga simu, kila mara habari hii ilikuwa imefika hapa." Akagusa koo. "Kule nimeona nyumba zimebaki kuta mbili zinaning'inia juu ya shimo. Nikasema, nikimpigia tena mama, nitasema. Nikirudi, nitachimba. Mimi najijua. Nikavunja laini ya simu. Pombe nikaacha, maana mlevi hana siri. Nikasema bora anikose mimi, abaki na shamba."

 Pale kizingitini Bibi Kristiana alikuwa amefunika uso kwa khanga, na mabega yake yalikuwa yanakwenda juu na chini.

"Juzi mgodi mzima ukaanza kufunga mizigo," Vitus akamaliza. "Nikauliza wanakwenda wapi. Wakaniambia Chipalila, kuna mama anauliza watu majina. Nililia njia nzima. Mama, mimi ningekaa kule mpaka nife ili hili lisitokee."

Avelina alitazama shamba naye. Miaka thelathini na minane ya matuta. Alijaribu kutafuta majuto moyoni mwake, akayatafuta kwa haki kabisa, maana lilikuwa shamba zuri. Hakuyapata.

"Sikujua," akasema. "Na ningejua, ningekuita hivyohivyo."

Akamsukumia kibuyu. "Maliza kuosha. Watu wana kiu."

Vitus akaosha. Ulezi wote ukaisha kwenye ungo, debe likawa tupu, na chini ya kibuyu ukabaki mchanga mweusi, na ndani yake ule mstari wa manjano, mtulivu vilevile. Kwa mazoea akainuka ampelekee Bibi. Bibi akasikia hatua zake zinakuja, akanyoosha fimbo kumzuia.

"Mpe mama yako," akasema.

Avelina akapokea kibuyu, akaenda mpaka kizingitini, akainama, akayamwaga.